Sura ya Nne: Mwenye Mashine na Mwenye Ufunguo

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, na vijana wanaocheza mpira wa skrini katika vibanda vya karibu na stesheni ya Kamina, na walimu wanaotaka kuandika mitihani yao wenyewe bila ya kwenda kulipia kila ukurasa kwa mpiga chapa, na hata mafundi ambao kazi yao ya kila siku ni kufungua kompyuta mbovu na kuzifunga zikiwa nzima, ni hili: "Yaya, kama programu hizo zatolewa bure, ila yake ni nini?" Huniita yaya kwa sababu kwetu Katanga neno hilo ni heshima apewayo ndugu mkubwa, wala halina maana ya mlezi wa watoto kama lilivyo pwani, nami hulipokea swali kwa heshima ile ile, maana ni swali la mtu aliyelijua soko. Auzaye mbuzi kwa nusu ya bei yake aghalabu ana jambo alilolificha juu ya mbuzi huyo, na mnunuzi asiyelitafuta kabla ya kutoa fedha hulitafuta baadaye kwa majuto.

Nyuma ya swali hilo hufuata la pili: je, michezo ya kompyuta yachezeka kwa programu za namna hiyo, na mtu wa Kamina mwenye fedha chache na umeme wa kubahatisha anunue mashine gani? Nitayajibu yote mawili, wala sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Nimelipenda jambo hili kwa miaka mingi, na maoni yaliyomo humu ni ya mpenzi; lakini mpenzi ndiye akaaye karibu, na akaaye karibu huziona ila ambazo mpita njia hazioni.

Bao na lukasa

Programu ni mkusanyo wa maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Maagizo hayo huandikwa kwanza na mwanadamu, kwa maneno na alama ambazo mwanadamu mwingine aliyejifunza aweza kuzisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine hutii na mwanadamu hawezi kuzifasiri ila kwa taabu kubwa. Akupaye programu aweza kukupa tarakimu peke yake, au aweza kukupa msimbo pia.

Chukua mchezo wa bao. Ubao hununuliwa kwa seremala, au mtu huchimba mashimo ardhini. Kete ni mbegu au vijiwe. Lakini kanuni za kuchezea hazina mwenyewe. Hapana mtu aliyepata kumlipa mwingine kwa ruhusa ya kupanda kete, wala hapana aliyeshitakiwa kwa kuongeza kanuni yake. Kwa sababu ya uhuru huo mchezo ulisafiri ukabadilika, ukawa bao Unguja na Lamu, omweso Uganda, igisoro Rwanda, na kisolo kwetu kwa Baluba, kila mahali ukiwa na taratibu zake na mabingwa wake. Ubao ndio mashine, kanuni ndizo programu. Na programu hiyo iliyo wazi imeishi karne nyingi, ilhali mbao zake zimeliwa na mchwa.

Sasa chukua lukasa. Katika ufalme wa Baluba, watu wa chama cha mbudye walikuwa na ubao mdogo wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri, ambao kwa mpangilio wa mapambo yale walikumbuka nasaba za wafalme, safari za mababu na mahali patakatifu. Mtu yeyote aliweza kuuona ubao; aliyeweza kuusoma ni yule tu aliyefundwa na kupandishwa daraja chamani. Nalitaja jambo hili bila ya kuwalaumu wazee wetu, kwa kuwa siri ile ilikuwa amana ya ufalme, na aliyeitunza aliwajibika kwa watu aliokuwa akiishi nao. Lakini mtu akichonga lukasa, akaniuzia sokoni kwa fedha yangu, kisha akaniambia kuwa ubao ni wangu ila kuusoma ni haki yake peke yake, na kwamba ukiharibika nimtafute ng'ambo ya bahari, hapo nina haki ya kuuliza nimenunua nini.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake u wazi kama kanuni za bao. Programu funge ni ile lukasa ya sokoni.

Huru na bure ni mambo mawili

Kiswahili kina bahati hapa, kwa maana huru na bure ni maneno mawili, kama vile ndugu zetu waliosoma Kifaransa wanavyotenga libre na gratuit, ilhali Kiingereza huyabeba yote mawili kwa neno moja, na wenye lugha hiyo wametumia wino mwingi kueleza kile ambacho kwetu chajieleza.

Mnamo mwaka 1980 hivi, katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, mwandishi wa programu aitwaye Richard Stallman alikuwa akitumia mashine ya kupiga chapa iliyotoka kampuni ya Xerox, ambayo karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake mara kwa mara. Alitaka kuongeza maagizo machache ili mashine impelekee habari kila mtu ambaye kazi yake imekwama. Walakini msimbo haukutolewa, na alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alinyimwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa amekula ahadi ya kutunza siri. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza nia ya kuandika mfumo mzima usiomfunga mtu, akauita GNU, na fikira yake ikaja kuwekwa katika haki nne:

1. Haki ya kuitumia programu kwa kazi yoyote.
2. Haki ya kuusoma msimbo wake na kuugeuza.
3. Haki ya kuinakili na kuwagawia wengine.
4. Haki ya kuwagawia wengine ile uliyoigeuza.

Bei haikutajwa katika haki hata moja. Mtu aweza kuiuza programu huria, na wako wanaouza. Asichoweza ni kumzuia mnunuzi asimgawie jirani yake. Hati ya ruhusa inayofuatana na programu huitwa leseni, na leseni mashuhuri kuliko zote za namna hii, GPL, ilitolewa mwaka 1989, nayo yamtaka kila aigawaye programu aliyoigeuza aigawe pamoja na msimbo wake, ili uhuru alioupokea yeye usife mkononi mwake.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alianza kuandika kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo hugawa kazi kwa vifaa kama mnyapara agawavyo zamu. Kiini hicho, Linux, kiliungana na kazi ya GNU, na leo kimo ndani ya kila simu ya Android iliyomo mfukoni mwa msomaji. Na tangu Novemba 2017 kila moja ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa nacho. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alitoa mkusanyo wa programu uliojengwa juu ya kiini hicho, akauita Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa ambalo mtu wa Kamina halihitaji mkalimani, kwa kuwa Kiluba husema bumuntu na Kiswahili husema utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu ambayo orodha zake zote zilikuwa za Kiswahili. Nao Wakenya, mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, waliandika Ushahidi, programu ya kukusanya habari za wananchi na kuziweka juu ya ramani, wakauacha msimbo wake wazi, ikatumika baadaye katika nchi nyingi.

Haya yote yalilipiwa na nani? Hapo ndipo penye jibu la ila. Wengi wa waandikao Linux leo wameajiriwa: Intel, IBM, Red Hat na kampuni nyinginezo huwalipa mishahara, si kwa sadaka, bali kwa sababu zenyewe zaihitaji kazi hiyo, kama wenye malori wanavyochanga kuitengeneza barabara moja ambayo malori yao yote hupita. Mwenye baiskeli naye hupita barabara ile ile, wala hapunguzi kitu.

Kwa mukhtasari: programu huria si bidhaa iliyopunguzwa bei kwa sababu ya ubovu, ni kazi ya shirika ambayo ufunguo wake umeachwa mlangoni. Ila zake zipo, nami nitazitaja zikifika mahali pake.

Reli, flashi na haki ya kunakili

Mji wetu umekuzwa na reli. Njia itokayo Lubumbashi hufika hapa ikagawanyika, moja ikielekea Kananga na Ilebo, ambako reli ya kampuni ya BCK ilifika mwaka 1928, na nyingine ikielekea Kabalo, iliyofunguliwa mwaka 1956. Reli zetu zina upana wa milimita 1,067, na zile za upande wa Ziwa Tanganyika zilikuwa zimejengwa kwa upana wa milimita 1,000; ikabidi za upande ule zipanuliwe, ndipo behewa liweze kupita bila ya mzigo kushushwa na kupakiwa upya kwa mabega ya watu. Ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli hatasumbuka kuelewa maana ya kanuni wazi, yaani kipimo kilichotangazwa ambacho kila fundi aweza kukifuata. Mwalimu aliyeandika mitihani ya miaka kumi kwa programu ambayo aina yake ya faili ni siri ya kampuni, siku kampuni hiyo ikiliacha toleo lake la zamani, hujikuta na mabehewa ya upana ambao hakuna reli inayoufaa. Faili za OpenDocument, zitumiwazo na LibreOffice, programu huria ya kuandikia barua na hesabu, zimekuwa kipimo cha kimataifa tangu mwaka 2006. Maelezo yake yamechapishwa, na yeyote aweza kuandika programu ya kuzisoma hata kama waliozianzisha wamekufa wote.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa mji kama wetu, ni ile haki ya tatu. Mfumo wa Linux Mint, mmoja wa mikusanyo iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, hukaribia gigabaiti 3. Kuupakua kwa mega za simu ni gharama ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuibeba kwa urahisi, na mtandao ukikatika katikati, mara nyingine huanza upya. Basi mtu mmoja huko Lubumbashi, mwenye mtandao ulio imara, akiupakua mara moja, akautia katika flashi ya ukubwa wa kidole, akaifunga ndani ya leso na kumpa msafiri wa treni, mfumo huo ukifika Kamina waweza kuingia katika kompyuta moja au mia, kwa haki kamili, bila ya mtu kuiba wala kuibiwa. Pamoja nao huja Kiwix, programu huria ya kusomea Wikipedia bila ya intaneti, na Wikipedia nzima ya Kiswahili huenea katika flashi hiyo hiyo ikabakiza nafasi.

Wako watakaosema kuwa hata programu funge hunakiliwa mjini kila siku. Ni kweli, na nimeona matokeo yake. Nakala zilizovunjwa kufuli aghalabu huja na virusi, yaani programu za uharibifu zilizofichwa ndani. Hazikubali kupokea marekebisho. Na mwenye nazo huishi kama mpangaji asiye na risiti. Sipendi kumwona mwalimu mwadilifu, ambaye hawezi kuchukua hata chaki ya shule kwenda nayo nyumbani, akilazimishwa na umaskini kutumia kitu cha wizi, ilhali kipo cha halali kinachomngojea.

Mashine iliyonyang'anywa uwezo wake

Hebu sasa tuingie vibandani. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya 150,000,000 duniani kote kabla ya kiwanda kuacha kuitengeneza mwaka 2013, ndiyo iliyowalea vijana wetu wengi. Ilikuwa mashine ya kufaa mji wa mbali: ulitia santuri yake, ukawasha, ukacheza, haikumwuliza mtu jina wala haikuomba intaneti. Zilizo hai mpaka leo ni nyingi, na mafundi wetu wamezishona mara nyingi kuliko suruali ya kazi.

Ndugu yake aliyemfuata ana kisa ambacho kila mnunuzi wa mashine apaswa kukijua. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, Sony iliiuza ikiwa na ruhusa ya kutiwa mfumo mwingine kando ya ule wa michezo, na watu wakatia Linux, mashine ya mchezo ikawa kompyuta kamili ya kuandikia na kufanyia hesabu. Hata Jeshi la Anga la Marekani liliziunga pamoja PlayStation 3 zipatazo 1,760, likapata kompyuta ya hesabu kubwa kwa gharama ndogo. Kisha, tarehe 1 Aprili 2010, kampuni ikatoa marekebisho nambari 3.21 ambayo yaliiondoa ruhusa ile. Aliyeyakubali alipoteza Linux yake. Aliyeyakataa alifungiwa mlango wa kucheza na wenzake kwa intaneti. Kampuni ilisema imefanya hivyo kwa ajili ya usalama wa mfumo. Wanunuzi wa Marekani wakaenda mahakamani, na baada ya miaka mingi shauri likaishia kwa suluhu ya fidia.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi, na kila mara hunichoma mahali pale pale. Wanunuzi wale walilipa fedha, wakapewa risiti, wakaiweka mashine sebuleni mwao. Na mtu aliye mbali, bila ya kuingia nyumbani, akachukua sehemu ya kile walichokinunua. Wao walikuwa na mahakama ya kuiendea. Kijana wa Kamina aliyenunua mashine ile ile, ikiwa imetumika, kwa akiba ya mwaka mzima, angekwenda kwa kadhi gani?

Mimi mwenyewe niliwahi kununua kifaa cha michezo ambacho, baada ya kuwekwa kando kwa msimu mmoja wa mvua, kilikataa kufungua michezo niliyokuwa nimeilipia mpaka kizungumze kwanza na makao yake kwa intaneti. Na wiki ile mji mzima haukuwa na mtandao. Kilikaa juu ya meza kikiwa kizima, kina chaji, hakina mkwaruzo, nami sikuweza kukitumia. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza mashine ina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza ufunguo wake uko kwa nani.

Je, michezo yachezeka?

Zamani jibu lilikuwa la kusikitisha. Michezo mingi ya kompyuta huandikwa kwa ajili ya Windows, mfumo funge wa kampuni ya Microsoft, na mwenye Linux alibaki na michezo michache ya huria. Tangu mwaka 1993 watu wa hiari walikuwa wakiandika Wine, programu inayosimama katikati kama mkalimani, ikipokea maombi ambayo mchezo humwambia Windows na kuyafasiri kwa Linux mchezo ukiendelea. Lakini mkalimani huyo alikuwa bado mwanafunzi, na mara nyingi alikwama katikati ya sentensi. Mwaka 2018 kampuni ya Valve, yenye duka kubwa la michezo liitwalo Steam, ilichukua Wine, ikaiongezea nguvu, ikauacha msimbo wazi kama leseni ilivyotaka, na kuiita Proton. Na tarehe 28 Februari 2022 ikatoa Steam Deck, mashine ya kushika mikononi yenye skrini ya inchi 7 ambayo mfumo wake ni Linux. Maelfu ya michezo yaliyokuwa ya Windows peke yake yakaanza kuchezeka, na kazi iliyolipiwa kwa ajili ya mashine hiyo moja ikamfaa hata mwenye kompyuta kuukuu ya mezani, maana ni msimbo ule ule.

Ila yake niitaje hapa, kama nilivyoahidi. Michezo kadhaa ya mashindano ya intaneti, Fortnite na Valorant miongoni mwayo, haichezeki, kwa sababu walinzi wake wa kuzuia udanganyifu hawakubali mfumo huu. Kijana ambaye raha yake yote imo katika mchezo mmoja wa namna hiyo, simshauri ahame. Nitakuwa nimemnyang'anya raha kwa ajili ya imani yangu. Kadhalika, maelezo ya programu huria mara nyingi huandikwa na fundi kwa ajili ya fundi mwenzake, na Kiswahili ndani yake bado ni kichache kuliko kinavyostahili.

Kwa upande wa pili, mchezo ambao msimbo wake umefunguliwa hupata umri ambao mwingine haupati. Doom, uliotolewa mwaka 1993, ulifunguliwa msimbo wake mwaka 1997, na tangu hapo hapana mashine, hata iwe dhaifu vipi, ambayo mtu hakujaribu kuuhamishia. Ipo pia michezo iliyozaliwa huria: SuperTuxKart wa mashindano ya magari, Battle for Wesnoth wa vita vya zamu, na 0 A.D. wa falme za kale, ambao miongoni mwa falme zake umo ufalme wa Kush wa bonde la Nili. Huu wa mwisho naupenda kwa namna ya pekee, kwa kuwa mtoto wetu humwona humo mfalme mweusi mwenye majeshi na mahekalu, bila ya kulipa hata franka moja.

Wati, jua na vumbi

Sasa mashine yenyewe. Magazeti ya ng'ambo humsifia msomaji kadi za michoro, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za mchezo, kwa kasi yake peke yake. Kamina kasi ni jambo la pili. La kwanza ni umeme. Tufanye hesabu. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa tano za jua kali, hutoa wati-saa 500; tukiondoa theluthi inayopotea katika betri, waya na kibadilishi, hubaki kama 330. Kadi ya RTX 4090 ya Nvidia peke yake imepimwa kutumia hadi wati 450, na ukiiongezea kompyuta inayoibeba hufika 600: jua la siku nzima litakwisha kwa muda unaozidi nusu saa kidogo. Steam Deck ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia wati 25 hivi: jua lile lile litaiendesha saa 13. Kompyuta ya mkononi ya kawaida imo katikati, nayo ndiyo nimpendekezeayo mtu wa kwetu, kwa kuwa mchana yaweza kuwa ya kazi na usiku ya mchezo.

Na wakati huu zipo nyingi za kununuliwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuirekebisha Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na Windows 11 inayoifuata hudai kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine hizo nzima, zilizokataliwa si kwa ubovu bali kwa amri, zinamiminika katika masoko ya vitu vilivyotumika. Linux huzipokea.

Juu ya kadi za michoro, maoni yangu ni haya, na siyafichi. Kila kifaa huhitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo kusema na kifaa hicho. Kampuni ya AMD, mshindani wa Nvidia, ilitangaza mwaka 2007 kuwa itatoa maelezo ya vipande vyake, na viendeshi vyake huria vimo ndani ya Linux yenyewe. Kadi yake kuukuu ukiichomeka hufanya kazi pasipo kutafuta kitu. Nvidia ilikaa miaka mingi na kiendeshi funge, jambo lililomfanya Torvalds aishutumu hadharani kwa ukali mwaka 2012, na mwaka 2022 tu ndipo ilipofungua msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake, kwa kadi zake mpya. Kadi zake ni hodari, sikatai. Lakini kadi kuukuu, ambazo ndizo zitufikiazo sisi, huachwa nje ya kiendeshi kipya mwenye kuzitengeneza akizichoka. Kwa hiyo mimi humwambia kijana achague AMD, au kompyuta yenye michoro ya Intel iliyomo ndani.

Kabla ya kutoa fedha yako, fanya haya:

- Nenda na flashi yenye Linux, uiwashe mashine kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji. Kama Wi-Fi, sauti na skrini vyafanya kazi, umeijua hali yake kabla ya kuinunua.
- Angalia kama kumbukumbu yake yaweza kuongezwa. Gigabaiti 8 ndicho kiasi cha chini kwa mtu apendaye michezo.
- Angalia chini yake. Skrubu za kawaida ni habari njema. Gundi ni habari mbaya.
- Uliza kama betri yake yapatikana Lubumbashi.

Hilo la skrubu si dogo. Vumbi jekundu la kiangazi huingia katika feni na kuisonga, mashine ikapata joto, ikapunguza kasi, kisha ikajizima. Na dawa yake ni brashi ya rangi iliyo safi, subira ya nusu saa, na uwezo wa kuifungua. Valve imekubali vipuri vya Steam Deck viuzwe kwa watu wote, na maelezo ya kuifungua yamechapishwa kwa picha. Mashine zilizogundishwa hufa kwa vumbi ambalo mtoto angeweza kulifagia.

Madini yaendayo, mashine irudiyo

Mkoa wetu wa Haut-Lomami hutoa kasiteriti na koltani huko Malemba-Nkulu. Jirani zetu wa Kolwezi huchimba kobalti, na nchi yetu ndiyo itoayo takriban asilimia 70 ya kobalti ichimbwayo duniani. Madini hayo huondoka kwa malori, mengi yakipita mpaka wa Kasumbalesa, yakawa betri na vipande vidogo vya mashine katika viwanda vya Asia, kisha yakarudi kwetu yakiwa simu na vifaa vya michezo vilivyofungwa. Sina uwezo wa kuubadili mkondo wa biashara hiyo kwa sura moja ya kitabu. Lakini inaponijia mkononi betri ambayo asili yake yaweza kuwa ni udongo uliochimbwa safari ya treni moja kutoka kwangu, na nikaambiwa kuwa sina idhini ya kuifungua, nahisi dhuluma, na nalisema neno hilo kwa uzito wake wote.

Ndiyo maana nafurahishwa zaidi na wanaoandika kuliko wanaocheza tu. Ipo programu ya kutengenezea michezo iitwayo Godot, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina na kufunguliwa msimbo wake mwaka 2014. Haidai malipo wala sehemu ya mapato ya mchezo uliotengenezwa nayo, na huendeshwa katika kompyuta za kawaida. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wawili nakala yake katika flashi, pamoja na kompyuta ya mkononi tuliyoitoa vumbi na kuitia Linux Mint, nao wakaamua kuandika mchezo wa kisolo.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye utekaji wa kete. Mmoja kwao ni Kabongo, mwingine ni Malemba-Nkulu, na kila mmoja alikuwa amefundishwa na babu yake kanuni isiyopatana na ya mwenzake. Wakabishana jioni nzima, kila mmoja akichora mashimo mchangani kuthibitisha neno lake, hata nikaogopa kuwa mchezo umekufa. Kesho yake nilipopita niliwakuta wameinamia skrini moja wamenyamaza. Kila mmoja alikuwa ameiandika kanuni ya kwao katika faili lake, na mchezo, kabla haujaanza, humwuliza mchezaji achezee ya Kabongo au ya Malemba-Nkulu.